Kurasa arobaini na moja

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Kanuni za mchezo wako, ule wa kuigiza wahusika mezani kwa dadu, nimezisoma mara mbili, kurasa zote 41, mara ya pili kalamu nyekundu mkononi. Jiji lililozama, na wezi wanaopita juu ya mapaa usiku: hapo umeninasa, nataka kucheza hata leo. Ila nilipofika ukurasa wa 9, kwenye lile jedwali la kupanda ukuta, nilicheka peke yangu. Urefu wa ukuta, unyevu, uzito wa mzigo, aina ya viatu, mwanga wa mwezi! Mwizi wako atakuwa ameshakamatwa kabla hujamaliza kujumlisha.

Nacheka kwa sababu nami nimepita humo humo. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na jedwali la kuvunja milango. Siku ya kuujaribu, mchezaji mmoja akataka kuvunja mlango wa ghala. Tukatafuta aina ya mbao, tukapunguza kwa ajili ya kutu kwenye bawaba, akarusha dadu, akakosa. "Narusha tena," akasema. Akakosa. Akarusha tena. Mlango uko palepale, walinzi wako palepale, na wenzake watatu wameshatoa simu. Usiku ule niliamini nimekosea hesabu, nikashinda wiki nzima nikizirekebisha namba. Namba hazikuwa na kosa. Kosa ni kwamba kushindwa hakukuwa na maana: mtu alishindwa, na dunia ikabaki kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kingine chochote, jiulize akishindwa kunatokea nini. Msimulizi, yule anayeuongoza mchezo, akikosa jibu, dadu zikae mezani. Mlango ufunguke tu, twende zetu ndani.

Sasa dadu zenyewe. Wewe umechagua ile ya nyuso 20, na najua inavyopendeza ikibingirika. Lakini kila namba yake ina nafasi sawa, moja kwa ishirini. Ukimzawadia mchezaji nyongeza ya moja kwa kuvaa viatu vikavu, umempa asilimia 5. Nyongeza hiyo itamwokoa kama mara moja katika kila marusho 20, na huenda mchezo ukaisha hajafikisha marusho 20. Nusu ya majedwali yako yanagawa vitu ambavyo hakuna atakayevihisi. Ukijumlisha dadu mbili za nyuso sita hali hubadilika, maana 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36 na 12 kwa njia moja tu, basi matokeo hujazana katikati. Hiyo nzuri, ila bado kuna kujumlisha.

Mimi ningekwenda na fungu la dadu za nyuso sita, unarusha zote na kutazama ile kubwa tu. Ikiwa 6, umefaulu. Ikiwa 4 au 5, umefaulu lakini kuna gharama. Ikiwa 3 kushuka chini, mambo yameharibika. Mwenye dadu moja huharibikiwa nusu ya marusho yake, mwenye mbili robo, mwenye tatu thumuni. Kila dadu unayoongeza inaikata hatari nusu, na mtu anaielewa bila kuelezwa kwa kuwa anaishika kiganjani. Aliyeishiwa dadu kabisa arushe mbili achukue ile ndogo: ataharibikiwa mara tatu katika kila nne, naye ataliona hilo likimjia.

Utamu wenyewe uko kwenye ile 4 na 5. Kwa mwenye dadu mbili, hapo ndipo yanapoangukia matokeo 16 kati ya 36, yaani karibu nusu ya usiku wenu. Umepanda ukuta, lakini kamba imebaki chini. Umemdanganya mlinzi, lakini sasa anataka kukusindikiza hadi mlangoni. Sanduku limefunguka, lakini lina jina la mama yako. (Hili la mwisho nalitaka, usimpe mwingine.) Kurasa za majedwali zitupe, uandike ukurasa mmoja tu wenye gharama 20 za namna hiyo, za jiji lako na wezi wako, ili msimulizi aliyechoka apate pa kushika.

Sifa sita za mhusika nazo sioni zinakufaa. Zimerithiwa tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo uliochipuka kutoka michezo ya vita ya wanasesere askari. Nguvu na ustahimilivu vilikuwa na kazi yake kule. Wezi wako wanahitaji tatu: Wepesi, Hila na Ulimi. Mpe mchezaji dadu sita azigawe, kila sifa ipate angalau moja, na mhusika amekamilika kabla viti havijapata joto. Pointi za uhai, zile namba zinazopungua mhusika akiumia, futa pia. Akiumia, aandike jeraha lenyewe, "kifundo kimeteguka", na kila linapomzuia anapunguza dadu moja. Namba 14 ikishuka kuwa 9 hakuna anayeguna. Kifundo kilichoteguka juu ya paa lenye utelezi kinaguniwa.

Najua utanijibu kwamba wapo wanaopenda majedwali, wanaoweza kukaa jioni nzima wakijenga mhusika mmoja na kufurahi. Wapo, na wala hawajakosea. Lakini wewe mwenyewe uliniambia unataka watu wakae, na nusu saa baadaye wawe wanakimbia juu ya mapaa. Huwezi kuwapikia wote chungu kimoja.

Vile vibao vya bahati unavyowapa wachezaji usiviguse, ndicho kitu bora ulichobuni. Badilisha jambo moja tu: visigawiwe bure mwanzoni, mtu apate kimoja anapokubali balaa kwa hiari yake. Utashangaa watakavyojitafutia matatizo.

Ukishapunguza, usiuongoze mchezo wewe. Mpe mwenzako karatasi asimulie yeye, nawe ukae pembeni na daftari, mdomo umefungwa. Kila wanapokugeukia kuuliza, andika wameuliza nini. Najua kunyamaza kutakutesa.

Toleo jipya likipungua chini ya kurasa nne, niite. Niwekee nafasi ya yule mzee anayeuza ramani za uongo. Dadu zangu nne naziweka kwenye Ulimi, na ukutani mtanivuta kwa kamba.

Wako,
mvunja milango