Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya: Likoni hadi Nairobi kwa kupitia London

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Likoni, hatua chache kutoka kivukoni. Juzi usiku, baada ya kufunga duka, niliweka mezani laini mbili za kampuni mbili tofauti. Kwa kila laini niliiuliza seva moja ya mzizi, yaani moja ya seva za juu kabisa zinazoelekeza utafutaji wa majina ya tovuti: unanijibu kutoka kituo gani? Kwenye laini ya kwanza kilijibu kituo cha Nairobi, kwa milisekunde 11. Kwenye ya pili kilijibu cha London, milisekunde 168. Anwani ni ile ile, swali ni lile lile.

Ndivyo enikasti inavyofanya kazi. Anwani moja hutangazwa kutoka vituo vingi duniani, na rauta, kifaa kinachoelekeza data, huchagua njia. Lakini rauta haisomi ramani, inafuata mikataba: nani ameunganishwa na nani. Kampuni isiyounganishwa na kituo cha Nairobi hukipata cha Ulaya kupitia kwa anayeiuzia intaneti, na wateja wake huvushwa bahari bila kujua. Seva za mizizi zina majina 13 na vituo zaidi ya 1,500, ila kituo cha jirani hakikufai kitu kama huna njia ya kukifikia.

Ofisi yako inaijua habari hii. KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data humu humu nchini, ilianza Novemba 2000, ikafungwa kwa amri ya tume iliyokutangulia baada ya kampuni ya simu ya Telkom kulalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Ilirudi 2002. Kufikia 2020, shirika la Internet Society lilikadiria kwamba asilimia 70 ya trafiki ya intaneti ya Wakenya inapatikana humu nchini, kutoka 30 mwaka 2012. Nawashukuru kwa dhati walioipigania. Lakini asilimia hiyo ni ya nchi nzima, haimwonyeshi mteja wa Likoni wala wa Lodwar laini yake inapita wapi.

Tena kuna usalama. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kilichokuwa kikienda ng'ambo bila sababu kiligombania nafasi ndogo iliyobaki na kilichokuwa na sababu.

Mamlaka tayari hupima ubora wa huduma za simu na kuchapisha ripoti. Naomba muongeze kipimo hiki: kila kampuni, katika kila kaunti, maswali yake yanajibiwa kituo gani na kwa milisekunde ngapi. Vifaa vya kupimia mtandao vya RIPE Atlas ni vidogo, vinatosha kiganjani, na hutolewa bure kwa anayekubali kuvichomeka. Vingi viwekwe nje ya Nairobi, maana aliye karibu na KIXP haoni shida yetu. Na majina ya kampuni yasifichwe kwenye ripoti.

Vipimo vyangu nimevihifadhi, tarehe na saa. Mhandisi wenu yeyote akifika Likoni, nitarudia jaribio mbele yake, kwa laini zile zile.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mitandao, Likoni, Mombasa