Kabla ya kununua vitabu vya sauti vya Reacher

Ndugu wanakikundi wa Kampala na Mbale, salaam. Tunaanza na Killing Floor ya 1997, riwaya ya Lee Child yenye mhusika mkuu Jack Reacher. Humo Reacher anasimulia mwenyewe, kwa hiyo anayekisoma kitabu kwa sauti ndiye kila kitu. Tazameni jina lake kabla ya kulipa: toleo la Marekani ni Dick Hill, la Uingereza ni Jeff Harding. Tafadhali msichanganye, maana mtu yuleyule atawabadilikia sauti katikati ya mfululizo.

Pakueni kwenye waifai. Kwa ubora wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja hula takriban MB 29.

Mafaili ya sura yapeni namba 01, 02, 03. Bila hiyo sifuri, simu nyingine hurukia sura ya 10 baada ya ya 1, na siri yote inamwagika.