Singapore hadi New York: kilomita ni zile zile, saa ndizo zinazobadilika

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika na hesabu yako nimeiona: umegawa kilomita 15,300 kwa mwendo wa 900 kwa saa, ukapata saa 17. Tiketi ya ndege nayo inasema zaidi ya 18. Unauliza saa nzima na ushei imekwenda wapi.

Kiasi kinaliwa ardhini. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako, kwa hiyo foleni ya kusubiri kuruka imo humo humo. Wakati wa kupaa na kushuka pia haiendi mwendo wake kamili. Lakini cha kuangalia hasa ni njia na upepo.

Hizo kilomita 15,300 ni za mstari mfupi kuliko yote. Chukua tufe la dunia, vuta uzi toka Singapore hadi New York, ukaze. Utaona unapita jirani kabisa na Ncha ya Kaskazini, jambo ambalo ramani ya ukutani haikuonyeshi. Rubani, hata hivyo, halazimiki kuufuata uzi huo. Huko juu, kama kilomita 10 hivi, kuna mikondo ya upepo inayovuma kuelekea mashariki, na huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndiyo maana mara nyingi ndege hukata Pasifiki: njia inarefuka, saa zinapungua. Kurudi nako inaweza kushika mashariki tena, kupitia Atlantiki na Ulaya, ukajikuta umeizunguka dunia nzima kwa tiketi moja! Fungua ramani kwenye skrini ya kiti chako utazame mwendo. Ukisoma 1,050, upepo unawasukuma. Ukisoma 800, mnapambana nao.

Tarehe ndizo zitakazokuvuruga. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13. Ukiruka saa sita usiku, ukakaa hewani saa 18 na nusu, utatua saa kumi na moja na nusu alfajiri ya siku hiyo hiyo. Kurudi ndiko unakolipa: ukiondoka Jumatatu saa nne usiku, utafika Jumatano alfajiri. Jumanne usimwahidi mtu chochote.

Halafu jambo la mfuko. Ndege aina ya Airbus A350-900ULR ya shirika la Singapore Airlines, inayokwenda moja kwa moja, haina daraja la kawaida hata kiti kimoja. Ningekuwa wewe ningeunganisha ndege mahali katikati, ninyooshe miguu. Ila ukilinganisha tiketi, soma muda wa safari nzima pamoja na kusubiri, maana wengine huweka mbele saa za angani tu.

Niandikie ukishakata tiketi.

Rafiki yako wa siku zote