Kabla ya kuongeza kidonge cha presha, muulizeni mgonjwa wa kisukari analalaje

Mhariri,

Kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, watu hupanga foleni wakapimwa sukari, uzito na presha, na wengine wakakaguliwa miguu na macho. Ni kazi njema. Lakini kwenye foleni hizo, na hata kwenye kliniki za kila mwezi, ni nadra mtu kuulizwa analalaje. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini swali hilo lina uzito, hasa kwa mgonjwa wa kisukari ambaye presha yake imegoma kushuka.

Tunazungumzia kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye mafuta mengi shingoni, taya fupi au ulimi mkubwa, njia ya hewa hubanana hadi ikaziba. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, adrenalini inamwagika, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha usingizi unarudi na yote yanaanza upya. Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye matukio 30 kwa saa akilala saa saba amebanwa pumzi mara 210, na asubuhi huenda asikumbuke hata moja. Wa nyumbani kwake watasema alilala usingizi wa pono.

Kila mshtuko hupandisha presha. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, presha ya usiku hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na ya mchana. Kwa huyu haishuki, na pengine hupanda, kisha mishipa hubaki imekaza hata kulipokucha. Mgonjwa wa kisukari ana mzigo wa pili: sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu neva zinazoongoza moyo na mishipa, na uharibifu huo peke yake unatosha kuizuia presha isishuke usiku. Yakikutana mawili haya, figo na macho ambayo tayari yanaumizwa na sukari hayapati mapumziko usiku wala mchana.

Wala si jambo la watu wachache. Utafiti wa Sleep AHEAD uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapima usingizi watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili na unene uliopindukia. Zaidi ya asilimia 86 walikutwa na tatizo. Takwimu hiyo ni ya watu wanene, kwa hiyo haifai kubandikwa kwa kila mgonjwa wa kisukari, lakini wagonjwa wa namna hiyo kliniki zetu zinao tele.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Mgonjwa anameza dawa tatu za presha, amlodipini, losatani na haidroklorothaizidi, kwa dozi kamili, presha bado 160/95. Anaongezewa ya nne, spironolaktoni miligramu 25. Ni dawa nzuri kwa presha sugu, ila kwa figo zilizochoshwa na kisukari inaweza kupandisha potasiamu hadi kuhatarisha moyo. Haianzwi bila kupima potasiamu na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na vipimo hivyo hurudiwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Kabla ya kufika huko yapo mambo ya kuangalia.

La kwanza ni mkanda wa mashine ya kupimia presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Mkono wenye mzunguko unaopita sentimita 32 hadi 34, kutegemea alama zilizoandikwa kwenye mkanda wenyewe, unahitaji mkanda mkubwa. Mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mwenye mashine nyumbani apime asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya dawa na chai, na tena jioni kabla ya kulala, mara mbili kila wakati, kwa siku saba. Aziache namba za siku ya kwanza, achukue wastani wa zilizobaki. Wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu, na ya asubuhi ikizidi ya jioni siku baada ya siku, usingizi uchunguzwe.

La pili ni maswali. Dodoso la STOP-BANG, lililotoka Toronto, Kanada, mwaka 2008, lina mambo manane: kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, kuonwa na mtu ukikata pumzi, presha, uwiano wa uzito na urefu unaozidi 35 (mtu wa mita 1.65 huufikia akiwa na kilo 95 hivi), umri wa kupita miaka 50, shingo nene, na kuwa mwanamume. Shingo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kikoromeo, bila kukaza. Kuanzia sentimita 43 kwa mwanamume na 41 kwa mwanamke ni nene. Alama 3 tayari huhesabiwa hatari ya kati. Kwa maoni yetu kiwango hicho cha 3 ni cha chini mno kwenye kliniki ya kisukari na presha, maana nusu ya foleni itafika 3 kwa umri, presha na uchovu tu. Tuwakimbilie kwanza wenye 5 na zaidi, na wenye presha iliyoshinda dawa tatu hata wakiwa na 3. Wanawake waliokoma hedhi wasiachwe: wengi wao hawasemi wanakoroma, husema hawapati usingizi na wanaamka wamechoka.

Swali moja halimo kwenye dodoso, nalo tunalithamini sana: unaamka mara ngapi kukojoa? Mgonjwa wa kisukari huambiwa ni sukari, na mara nyingi ni kweli. Lakini kifua kinapovuta hewa isiyopita, damu nyingi hurudi kwenye moyo, moyo ukatoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji na chumvi. Kama sukari imetulia na bado mtu anaamka mara tatu au nne, kinywa kikavu, kichwa kizito asubuhi, sababu huenda iko kooni. Akiamka ameloa jasho, apime sukari palepale, maana kushuka kwa sukari nako hutoa jasho na ndoto mbaya. Kuna wanaoamka wakihema na kusema jinamizi liliwakaba, nao wapimwe.

Anayelala peke yake aweke simu kando ya kitanda irekodi sauti usiku kucha, kisha asikilize zaidi sehemu ya kuanzia saa tisa hadi alfajiri, wakati usingizi wa ndoto unapokuwa mrefu na koo kulegea zaidi. Kinachotafutwa ni mkoromo, kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha mkoromo wa kushtuka. Kupima oksijeni kidoleni mchana mtu akiwa macho hakusaidii. Atasoma 98 na kurudi nyumbani. Kifaa kinachofaa ni kile kinachorekodi usiku mzima, kwenye kidole kisicho na rangi ya kucha wala piko. Hata hicho huonyesha mishuko ya oksijeni tu. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha usingizi chenye mkanda wa kifua na kirija cha puani.

Tiba yenye nguvu kwa hali ya kati na kali ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa Sydney na Colin Sullivan na wenzake na kutangazwa mwaka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge, kwa mgandamizo kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Isipovaliwa angalau saa nne kwa usiku, faida yake kwenye presha ni ndogo. Tusiwadanganye wagonjwa: kwa wastani hushusha presha kwa namba 2 au 3, zaidi kidogo kwa wenye presha sugu, na matokeo yake kwenye sukari hayajawa thabiti. Vidonge haviachwi. Barakoa ikivuja haitibiwi kwa kukaza mikanda. Mwenye kisukari atapata kidonda juu ya pua kisichopona haraka. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Umeme ukiwa wa shida, chombo cha kupasha maji kizimwe ili betri ifike asubuhi, maana ndicho kinachokula umeme zaidi. Mashine ya mtumba isiwashwe kabla mtaalamu hajaipanga upya. Mgandamizo wake uliwekwa kwa mtu mwingine.

Asiye na mashine naye ana la kufanya. Kulala ubavu huwasaidia wengi wanaokatika pumzi zaidi wakilala chali. Mpira mdogo ukishonewa mgongoni mwa fulana humzuia mtu kugeuka. Kupungua uzito kuna nguvu: katika Sleep AHEAD hiyohiyo, kundi lililopungua kwa wastani karibu kilo 11 kwa mwaka, asilimia 13.6 yao waliondokana kabisa na tatizo, dhidi ya asilimia 3.5 ya kundi lililopewa elimu tu. Pombe ya usiku iachwe. Na wauzaji wa dawa, tunawasihi: mtu mnene anayekoroma asiuziwe diazepamu ya kumpa usingizi. Humlegeza koo na kuchelewesha kushtuka kunakomwokoa.

Tunaziomba wizara za afya ziweke kwenye kadi ya kisukari mistari mitatu: anakoroma au kukata pumzi, anaamka mara ngapi kukojoa, shingo sentimita ngapi. Na dereva wa lori, basi au bodaboda mwenye kisukari anayesinzia barabarani asisubiri tarehe ya kliniki. Aegeshe chombo, aende akapimwe wiki hiyohiyo.

Wahudumu wa kliniki ya kisukari na presha,
Dar es Salaam