Sumu haimalizi ugomvi wa mbwa na kuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafugaji wa kuku wa uani, hasa wa Kibaha na pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako nyumba zimesogeleana na nyua nyingi zina mbwa wa ulinzi. Mbwa wa jirani akishaua kuku, wapo wanaokimbilia sumu: mzoga unapakwa dawa ya wadudu ya shambani na kutupwa njiani. Napinga jambo hili kwa nguvu zote. Sumu haichagui. Atakayeila anaweza kuwa mbwa wa nyumba ya tatu, paka, kunguru, au mtoto atakayeshika nyama ile na kutia mkono mdomoni. Kuku wenyewe wakidonoa mabaki nao wanakufa. Tena mwenye kuku aliyekuwa na madai ya haki anageuka mshtakiwa, maana kuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni jinai, na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kuwatesa.

Kabla ya kumlaumu jirani, hakikisha muuaji ni mbwa kweli. Mbwa huua wengi kwa mpigo, huwatikisa na kuwaacha wametapakaa, mara nyingi bila kuwala. Mzoga unakuwa na manyoya yaliyolowa mate, na mgongo au mbavu zimevunjika. Nguchiro na kicheche hupenya kwenye upenyo mdogo na huuma zaidi kichwa na shingo. Mwewe huja mchana, hubeba kifaranga akaenda zake. Ukikuta udongo umefukuliwa chini ya ua au wavu umevutwa ukachanika, hapo shuku mbwa.

Sasa tazama saa. Mbwa wetu wengi hufungiwa mchana na kuachiwa usiku, na kuku hufunguliwa kunapopambazuka. Kuanzia saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 1 asubuhi wote wawili wako nje, na maafa mengi hutokea hapo. Jioni ni vivyo hivyo, mbwa akiachiwa kabla kuku hawajapanda kulala. Mwendee jirani mchana, kwa utulivu, mkubaliane: mbwa awe amefungiwa saa 12 asubuhi na asitoke kabla ya saa 1 usiku, kuku wasifunguliwe kabla ya saa 2 asubuhi. Kinachotufanya tuwafungue mapema ni njaa yao, kwa hiyo waachie bandani maji na gramu 40 hadi 50 za pumba na mahindi yaliyoparazwa kwa kila kuku. Kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, mayai nayo yatapatikana kwenye viota, si vichakani.

Mapatano bila ua imara hayadumu. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unazuia kuku wasitoke, lakini hauzuii mbwa asiingie. Anaung'ata na kuuchana kwa dakika chache. Tumia wavu wa kuchomelea wenye waya wa milimita 2 au zaidi, au mabanzi yaliyosimamishwa yakiachana kwa sentimita 3 tu. Kimo cha mita 1.5 kinamtosha mbwa wa kawaida, ila kwa mbwa mkubwa fikisha mita 1.8. Nguzo ziachane mita 2, na sehemu ya kuzikwa ipakwe oili chafu dhidi ya mchwa. Fito za ua zinazolazwa kuunganisha nguzo ziwekwe upande wa ndani, kwa sababu zikiwa nje mbwa anazipanda kama ngazi. Kwa sababu hiyo hiyo, usirundike matofali wala madumu nje ya ua.

Chini ndiko wengi wanakoshindwa. Mbwa hafukui mbali. Anafukua pale pale ua unapogusa ardhi. Ukitandaza wavu kuelekea nje kwa sentimita 50, ukaufunga na ua kwa waya, ukaukandamiza kwa mawe na udongo, kucha zinakwama na hana akili ya kurudi nyuma akaanzie mbali. Ni kazi nyepesi kuliko kuchimba mtaro. Sentimita 60 za chini zifunike kwa bati au mabanzi, ili kuku wasitoe vichwa nje na mbwa asiwaone wakikimbia.

Mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, uzito wa mbwa unausukuma. Kipande cha mti kinachozunguka kwenye msumari hakifai, kwani pua ya mbwa inakigeuza. Weka komeo la chuma lenye pini. Banda la kuinuliwa lisipungue sentimita 60 kutoka ardhini, vinginevyo ataumwa vidole kuku aliyelala kwenye sakafu ya fito. Utumbo na vichwa vya kuku waliochinjwa vizikwe mbali, maana harufu yake huwaita mbwa wa mtaa mzima.

Kwa mwenye mbwa: kumchapa au kumfunga mzoga shingoni hakumfundishi chochote. Kinachomwamsha ni mbio za kuku na kupiga mabawa, na hata aliyeshiba atakimbiza. Akishaonja kuua mara kadhaa, usimwache peke yake na kuku tena. Usimfunge kwa mnyororo mfupi mtini, atakuwa mkali zaidi; tandika waya wa mita 8 kati ya nguzo mbili, pitisha pete, na kwenye pete ufunge mnyororo wa mita 2. Kumhasi dume kunapunguza kuzurura. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Usimnyang'anye mbwa kuku mdomoni kwa mkono. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Kuku aliyejeruhiwa mtenge penye giza na utulivu, punguza manyoya kuzunguka jeraha, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na mkinge na nzi wasimwekee funza. Anaweza kuonekana mzima akafa kesho yake kwa mshtuko. Waliosalimika huenda wakaacha kutaga kwa wiki moja au mbili.

Ukitaka fidia, usizike mizoga kabla mjumbe au mwenyekiti wa mtaa hajaiona. Piga picha, andika tarehe, saa, idadi na aina: koo anayetaga hana bei moja na tembe ambaye hajaanza kutaga, na mwenye vifaranga amewaacha yatima. Lakini tuwe wakweli, kuku wako akiingia kwenye ua wa mbwa na kuuawa humo, huna dai. Mkishindwana, pelekeni shauri kwa mtendaji. Nawaomba maafisa mifugo wa kata, siku za kuchanja mbwa waandikishe pia kila mbwa na mwenye naye, ili lalamiko likija ijulikane mara moja nani anawajibika.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji,
Kibaha, Pwani