Sele, Musoma ya siku moja achana nayo

Sele mwanangu,

Mambo vipi, za huko Dar na hilo joto lenu, shemeji hajambo, watoto shule inaendaje? Huku Mwanza tuko salama, bi mkubwa mguu unamsumbua ila ukimwambia aende hospitali anasema ni uzee tu utaisha, sasa uzee unaishaje hata sielewi. Anakusalimia. Haya, salamu zimetosha, simu hupokei, na hili jambo nikiliacha litanikaa kooni.

Doto kanitumia ile ramani yenu ya safari ya baiskeli. Yani nyie watu wanne mmekaa huko Mbezi mkachora mstari kutoka Mwanza mpaka Musoma, kilomita 200 na zaidi, mkasema siku moja, afu eti "tunafuata ziwa njia nzima". Nani kawaambia mtafuata ziwa? Sele, ile barabara ni ya malori. Ukishatoka Buzuruga, Igoma, Kisesa, ni tuta baada ya tuta, kila senta ina matuta yake, Hiace zinakuchomekea kushusha abiria, na ziwa lenyewe liko kushoto huko nyuma ya mashamba, unalichungulia mara mojamoja. Mpaka uvuke mto Simiyu, upite Nyashimo, ndo pale Lamadi unaanza kusikia harufu ya maji na dagaa. Na Lamadi ukishapita uko jirani na geti la Ndabaka, Serengeti hiyo inagusa barabara kabisa, nyumbu na pundamilia unawaona ukiwa juu ya lami. Raha sana kama umekaa kwenye basi. Sasa we upo juu ya baiskeli, saa kumi na moja jioni, miguu imeisha, mwenzio mmoja kapata pancha, na saa moja giza ndo linaingia. Nisichukie?

Sisemi Musoma mbaya. Musoma nzuri, ila igawe, mlale Lamadi au Bunda, asubuhi mmalizie. Lakini kama ni mlima na maji ndo mnataka, kama kweli shida yenu ni kuliona ziwa, basi mimi nina njia na ndo hasa naandika kwa ajili yake.

Mnatoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza. Mnapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, yale mawe ya Mwanza yamekaa juu ya nyumba za watu kama mtu kayapanga kwa makusudi. Buhongwa, afu Usagara, pale mnakata kulia mnaacha barabara ya Shinyanga. Hapo malori yanapungua, unapumua. Mnashuka Kigongo na mbele yenu ndo daraja. Sele, tangu lifunguliwe Juni 2025 we hujalipita, na kwenye picha halionekani lilivyo. Kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa foleni ya kivuko hapo, masaa, unakula mayai ya kuchemsha mpaka unachoka, kivuko kiko ng'ambo hakiji? Saivi unakanyaga pedeli dakika chache uko Busisi. Wale mama wa mayai na karanga sijui wamehamia wapi, huwa nawawaza. Katikati ya daraja upepo unakusukuma pembeni, shika usukani na mikono yote miwili, usianze kujipiga picha huku unaendesha kama nakujua vizuri.

Kutoka Busisi mpaka Sengerema ni kupanda na kushuka, hakuna tambarare ya kujidanganya. Hapo ndo mtajua mazoezi ya Coco Beach yanawasaidia nini, maana nyie mmezoea usawa wa bahari na huku ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu. Siku ya kwanza pumzi inakuwa fupi, usije ukasema ni malaria.

Na muandae roho zenu kudhalilika. Juzi napanda mwinuko baada ya Busisi, gia ndogo kabisa, nimeinama naona cheni tu, nasikia nyuma "mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Nageuka, mzee, baiskeli ya Phoenix nyeusi isiyo na gia hata moja, nyuma gunia mbili za mkaa zimefungwa na mpira wa tyubu umezungushwa mpaka chini ya tandiko, miguuni katambuga. Kanipita. Hata hakuhema. Na mimi na kofia yangu ngumu na suruali ile ya kubana nikaitikia "mwangaluka baba" kwa sauti ambayo haikutoka. Kaenda zake. Baadae nikamkuta amekaa chini ya mwembe anatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akanikatia na mimi kiasi na karanga. Tangu siku hiyo vile vijiti vya chokoleti mnavyonunua sitaki, michembe inakaa tumboni, haiyeyuki mfukoni, na Sengerema sokoni unapata kwa bei ya bure.

Sasa utamu uko kwenye kurudi. Msirudi njia ileile! Sengerema mnapumzika, mnakula ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato, afu mnashika barabara ya Katunguru mpaka Kamanga, kilomita 30 na ushee. Hapo nakuonya mapema, hiyo barabara ilikuwa vumbi miaka nenda rudi na tairi zenu zile nyembamba kama kamba ya viatu zitalia, wekeni pana kidogo. Kamanga mnaingia kwenye feri, baiskeli mnaegemeza pembeni na mabeseni ya samaki, mnavuka ghuba ileile mliyoivuka asubuhi kwa daraja, safari hii mmekaa. Mnashukia mjini kabisa, jiwe la Bismarck liko hapo pembeni. Jumla haifiki kilomita 100 na mmeliona ziwa kuliko mtu wa Musoma ya siku moja. Alafu mchana upepo huwa unageuka, unatoka ziwani, nyie muda huo mko kwenye feri mnakula ndizi, shida ya nani?

Kama mkibaki na nguvu kesho yake nawapeleka mlima wa Isamilo. Mfupi ila mkali, wanasema huko juu ndo yule mzungu Speke alisimama 1858 akaliona ziwa akalipa jina la malkia wake, utadhani wavuvi walikuwa hawalijui. Au tuzunguke tu Capri Point jioni mkiangalia kisiwa cha Saanane, hiyo hata shemeji anaweza.

Kitu kimoja nakuomba, usinisahau. Tyubu za saizi yangu huku nahangaika nazo, fundi wangu anabandika kiraka juu ya kiraka. Niletee mbili, hela nitakupa hapahapa, sio kama ile ya pampu ambayo hatujamalizana.

Sasa nijibu haya. Mnakuja mwezi gani? Mwezi wa tatu mpaka wa tano mvua, msithubutu, mwezi wa saba ndo pazuri. Baiskeli mnazifungua mnaweka kwenye buti ya basi au mnazituma kabla? Mmeshauliza wanatoza ngapi? Yule jamaa yako aliyekamatwa na mkakamao pale Bagamoyo naye yumo? Na shemeji anajua kuhusu hii safari au na yeye ataisikia kwa Doto? Mtalala kwangu au mnataka hoteli, maana kwangu chumba kipo ila maji yanatoka usiku tu. Na Musoma umeshaiacha au bado unabisha? Nijibu kabla ya Jumapili, fundi anasafiri na nataka akae na baiskeli zenu siku mkifika.

Masanja