Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: karafuu zikiiva sie hatuhesabiki

Mheshimiwa Mkurugenzi wa baraza letu la mji,

Assalaam alaykum. Jina la baraza silitaji. Pemba mabaraza ya mji tunayo matatu tu, Chake, Wete na Mkoani, wewe unajijua na walokuwemo kwenye kikao kile cha kugawa pesa za kisomo wananijua mie, kwa iyo hakuna haja ya kutiana aibu mbele za watu. Kwa umri nadhani nimekutangulia kidogo lakini cheo ni chako, nakuja kwa adabu zote. Barua za kawaida nishaleta mbili, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo kabatini pamoja na vyeti vya watoto, na jawabu mpaka leo sijaiona. Ndo nikaona niandike hapa, pengine hata wanao watakuonesha kwenye simu.

Mie ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Sikuajiriwa, najitolea na kupewa posho, na hilo neno posho nalitaja kwa heshima tu mana ikichelewa miezi mitatu na ikaja ya mwezi mmoja sijui ndo iitwe nini. Darasa letu lipo kwenye barza ya nyumba ya marehemu baba. Kwenye rejista wapo wanakisomo 26, wanawake wote isipokuwa wazee wawili wa kiume wanaokaa mwisho kabisa wamejigeuza upande kama watu waliokuwa wanapita njia wakapumzika. Ubao tulionao zamani ulikuwa mlango wa choo, tukaupiga rangi nyeusi.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka jana mwezi wa Novemba alikuja kijana kutoka ofisini kwako, kijana mzuri tu, ana adabu, kashika ubao wa kuandikia na karatasi, akanambia Mwalimu nimekuja kufanya ufuatiliaji wa madarasa ya kisomo ili tujue pesa za mwaka ujao zigawiwe vipi. Nikamkaribisha, nikampa kiti. Saa kumi ikafika, saa kumi na nusu ikafika, wakaja watu wanne. Yeye akahesabu wanne, akaandika wanne, akashukuru akapanda bodaboda akaenda zake. Nlimwambia mwanangu ungekuja mwezi mwengine, akasema hapana Mwalimu ratiba ndo hii, tumepangiwa.

Alafu mwaka mpya wa fedha ulipoanza nikasikia kuwa fungu la darasa letu limepunguzwa, chaki na madaftari hakuna na posho ya mwalimu wa pili imefutwa, sababu iliyoandikwa ni kwamba eneo letu "lina mwamko mdogo".

Mwamko mdogo! Mheshimiwa, hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Wewe ni mtu wa Pemba au hata kama sio basi umekaa Pemba, hivi Novemba watu wa Pemba wanakuwa wapi? Msimu ukiwa mzuri kila mtu yuko kwenye karafuu, na asokuwa na mkarafuu wake yuko kwenye mkarafuu wa mwenzake analipwa kwa pishi. Wanaume na vijana wako juu ya mti na hao wanakisomo wangu wako chini wanaokota, jioni zikifika nyumbani wao ndo wanaozichambua, karafuu huku na makonyo (vijiti vyake) huku, kazi hiyo inakwenda mpaka usiku wa manane watu wamekaa duara wanahadithiana huku wanasinzia. Asubuhi majamvi nje, uanike, na ukishaanika huondoki hapo, unalinda kuku unalinda wingu, mana mvua ikikukuta hujaanua na karafuu zikalala na maji zinageuka mpeta na bei yake unaijua mwenyewe. Huyo ndo mtu unaetaka saa kumi jioni awe kwenye barza anaandika ba be bi bo bu? Mie mwenyewe mwalimu siku ile nlikuwa na majamvi mawili uani, nikimsikiliza yule kijana sikio moja na jingine nasikiliza ngurumo.

Angekuja Februari angewakuta 23 au 24. Angekuja hata Juni asingekosa 20. Rejista nlimuonesha, akasema rejista haiwezi kutumika mana mwalimu anaweza kujaza mwenyewe majina hewa. Sawa, wizi upo, silikatai hilo, yapo madarasa yaliyokuwa hayana watu wala barza na posho ikichukuliwa. Lakini dawa yake ndo kuhesabu siku moja tu mwaka mzima, tena siku ile ambayo kila mtu kisiwani anajua watu hawapo? Njooni mara tatu bila kutuambia. Mkitukuta tumedanganya tufungieni darasa, sitosema neno.

Na nimekuja kuelewa kwa nini Novemba. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, bajeti inakwenda kwa Wawakilishi kabla ya hapo, na kabla haijafika huko inaanzia huku chini kwenu miezi mingi nyuma, kwa iyo ofisi inataka takwimu mapema ili wakae wazijaze kwenye majaduweli. Nafahamu. Sina ugomvi na majaduweli. Ugomvi wangu ni kuwa kalenda ya ofisi ndo inampima mtu anaeishi kwa kalenda ya karafuu na ya bahari, alafu asipoonekana anaandikwa hana mwamko.

Nimetaja bahari mana kuna la pili. Mwezi wa tatu tulipata maelekezo kwamba madarasa yote yawe saa nne asubuhi, wakati wa kazi, ili ofisa apate kuyatembelea. Mheshimiwa, wanakisomo wangu zaidi ya nusu ni wakulima wa mwani. Bamvua (siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana) likiwadia maji yanakupwa saa ngapi? Saa nne, saa tano. Hapo ndo wanaingia kufunga mbegu, kuvuna, kukaza vigingi, na maji hayamsubiri mtu, ukichelewa yashajaa. Bamvua lipo mara mbili kwa mwezi wa kuandama, ukitoa siku hizo zote unabakiwa na darasa la wiki moja moja kama kidonge cha malaria. Tulikataa, tukabaki na alaasiri yetu. Nadhani na hilo liliandikwa mahali.

Utanambia pesa hazitoshi. Nakubali hazitoshi. Pesa za baraza ni ushuru wa soko, leseni, pesa za taka, na zinazotoka serikalini, na mahitaji ni mengi, jaa likijaa wiki mbili watu wanakutukana wewe sio mie. Lakini hizo kidogo zilizopangiwa kisomo zinagawiwa vipi? Nlivyosikia kwenye kikao kile, kwa masikio yangu, zinagawiwa wadi kwa wadi sawasawa ili madiwani wasigombane. Hapo nlicheka, samahani, nlicheka kwa sauti na mwenyekiti akaniangalia. Wadi ya mjini kati yenye maduka, watumishi na walimu wa skuli inapata sawa na wadi ya pwani ambayo mama wa miaka 45 anaweka dole gumba kwenye fomu ya mtoto wake ya skuli. Ile ya mjini inakosa hata watu wa kuwasomesha, pesa inabaki, ikibaki inatafutiwa kazi, na kazi yake tunaijua.

Kazi yake ni tarehe 8 Septemba. Siku ya Kisomo Duniani, UNESCO waliiweka tangu 1966 na mie siipingi, siku nzuri, tunapata kuonana na wenzetu wa madarasa mengine. Lakini shamiana, fulana, bango lenye picha, mafuta ya gari, maji ya chupa na chakula cha wageni, nlikaa nikapiga hesabu zangu za kiutu uzima (na hesabu nafundisha) nikaona kwamba pesa ya ile siku moja ingetununulia madaftari na chaki za mwaka na umeme wa tukuza (wa kulipia kabla) kama tungehamia kwenye skuli iliyo karibu, ambayo mwalimu mkuu wake alishatukubalia chumba jioni kwa sharti moja tu tununue umeme. Fulana yangu ninayo. Nyuma imeandikwa kisomo ni nuru. Darasa letu magharibi ikiingia tunawasha tochi za simu.

Kuna watu wataniuliza kwani hatuna vituo vya amali, Vitongoji kipo, Daya Mtambwe kipo, huko si wanasomesha ufundi? Wanasomesha na alhamdulillah mtoto wa dada yangu kapita huko sa hivi anafunga umeme majumbani. Ila kile ni cha vijana, na anaekwenda pale awe anajua kusoma. Bibi wa mwani hawezi kuanzia huko. Yeye shida yake ni ndogo sana na ni kubwa sana, anataka kusoma mizani.

Hili la mizani lazma nilieleze hata kama barua inakuwa ndefu. Mwanakisomo wangu mmoja, simtaji, alikuwa akiuza mwani mkavu kwa mnunuzi mmoja miaka na miaka, anaambiwa kilo kadhaa anapokea pesa anakwenda zake. Tulipofika kwenye namba za makumi alirudi siku moja kaja mbio bado ana mchanga miguuni, ananambia Mwalimu mizani imesimama 38 na yeye kaandika 33. Nikamwambia una uhakika? Akanichorea kwenye mchanga, tatu na nane, hivohivo. Hakugombana na mtu, siku ya pili alikwenda na wenzake watatu wanaojua namba, wakasimama mbele ya mizani wanasoma kwa sauti kama watoto wa chuoni. Tangu siku hiyo kilo zao zinatimia. Sasa kilo tano kila akiuza, piga mwenyewe kwa mwaka, alafu nambie kama huyo kakosa mwamko.

Mama yangu nae alikuwa hivo. Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo Septemba 23, 1964 yeye alikuwa keshaolewa, skuli zikawafungukia watoto wake yeye akabaki jikoni. Kusoma kajulia miaka ya sabini, kisomo kilipopamba moto, darasa la usiku kwa taa ya kandili, na mpaka anafariki alikuwa na daftari lake la madeni aliloandika mwenyewe, herufi kubwa zimelala kama mwanafunzi wa darasa la pili, hakuna duka lililomdhulumu. Simtaji kwa kujisifu. Namtaja kwa sababu wakati ule kisomo kilikuwa na mwenyewe. Ugatuzi ulipokuja 2017 tukaambiwa elimu ya maandalizi na msingi inashuka kwenye serikali za mitaa, na afya ya msingi na kilimo, kisomo cha watu wazima mie sikukisikia kikitajwa kwa jina lake, na kwa ninavoona huku chini kimekuwa kama mgeni asojua alale nyumba gani. Nikienda ofisi hii naambiwa hiyo ya wale, nikienda kwa wale naambiwa hiyo siku hizi iko kwa hawa.

Basi ninachokuomba ni hiki na hakihitaji pesa mpya hata shilingi. Kuhesabu kusifanywe msimu wa karafuu, na kufanywe zaidi ya mara moja. Kugawa kusiwe kwa wadi sawasawa, sensa ya 2022 watu waliulizwa kama wanajua kusoma na kuandika, majibu yapo serikalini, ombeni ya kila shehia muone wapi kuna watu wengi wasojua muanzie huko, na mashehe wenu wa shehia, yaani masheha (vidole vyangu vinakwenda mbio), wanawajua watu wao mmoja mmoja. Na kile kipande cha kisomo kwenye bajeti kibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale nje kwenu, kila darasa limepangiwa kiasi gani na limepokea kiasi gani. Pale sa hivi kuna tangazo la mbuzi aliyepotea, tangu Ramadhani.

La posho yangu usilishughulikie kwanza. Shughulikia ya yule mwalimu wa pili mlomfuta, mana bado anakuja. Anakuja kila siku na mtoto mgongoni, na mie naona haya.

Tupo Jumamosi mpaka Jumatano, baada ya sala ya alaasiri, barza ileile, uliza tu kwenye mwembe watu watakuonesha. Ukitaka kutukuta wote njoo wiki hii, bamvua linaanza Alkhamisi na wenye mwani watarudi wamechoka. Kiti cha mgeni kipo, kile alichokalia kijana wako, ila mguu mmoja umelegea, kaa upande wa kushoto.

Wabillahi tawfiq,
Mwalimu wa kisomo, Pemba